Rangi ya Gari Ikipauka, Usikimbilie Kupaka Upya

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona gari jekundu lililogeuka kuwa la waridi. Umewahi kuona pikapu nyeupe ambayo ukiiegemea, shati lako linabaki na unga kama wa chaki. Umewahi kuona boneti nyeusi iliyokuwa ikimeremeta kama kioo, na leo ina rangi ya majivu. Watu wakiona hivyo husema, "Gari hili limezeeka." Wengine husema, "Rangi imekufa."

Je, ni kweli rangi imekufa? Mara nyingi haijafa. Imechakaa juu juu tu. Chini ya uchakavu huo ile rangi ya zamani bado ipo, tena ni nzima. Kazi ya kuitoa nje tena ndiyo kung'arisha. Mafundi wengi huiita kupiga kompaundi na kupiga polishi.

Kazi hii haihitaji maajabu. Inahitaji maji, vitambaa safi, dawa inayofaa na uvumilivu. Lakini ikifanywa kwa pupa, inaweza kuharibu gari kwa dakika chache. Kwa hiyo ni vizuri kila mwenye gari, trekta au pikipiki aielewe, hata kama ataifanya fundi.

PIKAPU YA KIKUNDI

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya na vitunguu. Wanakikundi ni 14. Walichanga fedha kwa misimu mitatu, wakanunua pikapu iliyotumika. Siku ilipofika kijijini ilikuwa nyekundu sana. Watoto waliikimbilia barabarani. Miaka sita baadaye pikapu ile ile ilikuwa imepauka. Injini ilikuwa nzima na gia zilikuwa nzima. Lakini ukiitazama kwa mbali, ungedhani ni gari la kutupwa.

Siku moja akaja mnunuzi kutoka mjini. Akaizunguka pikapu mara mbili. Akapitisha kidole juu ya boneti, kisha akakitazama kidole chake. Kilikuwa na unga mwekundu. Akacheka. "Gari lenyewe ndilo hili? Limechoka hili." Akataja bei. Ilikuwa nusu ya bei waliyoitegemea.

Jioni wanakikundi wakakutana chini ya mwembe. Wengine wakasema gari liuzwe hivyo hivyo. Wengine wakasema lipelekwe mjini likapakwe rangi upya. Mweka hazina, mama mmoja wa makamo, akafungua daftari lake.

"Ndugu zangu," akasema, "fedha za kupaka gari zima hatuna. Tukizitoa hizi zilizopo, mbegu za msimu ujao tutanunua na nini?"

Watu wakanyamaza. Kisha dereva wa kikundi, kijana mpole, akanyosha mkono. "Kuna fundi rangi pale njia panda. Tumwite alitazame kwanza. Kulitazama hakuna gharama."

Kesho yake fundi akaja. Aliwaamkia wazee, kisha akaomba ndoo ya maji na kitambaa cheupe. Watu wakashangaa. Walidhani ataomba brashi na rangi.

KWA NINI RANGI HUPAUKA?

Kabla hatujaona fundi alifanya nini, tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe.

Rangi ya gari ina vitu vikuu viwili. Kwanza kuna unga ambao ndio unaotoa wekundu, weupe au ukijani. Pili kuna gundi ngumu inayoushika unga huo na kuufanya ung'ang'anie bati. Unaweza kufananisha na zege. Unga wa rangi ni kama kokoto na mchanga. Gundi ni kama saruji. Saruji ikioza, kokoto huachana.

Adui wa kwanza wa gundi hiyo ni jua. Katika mwanga wa jua mna mionzi tusiyoiona kwa macho. Mionzi hiyo huivunjavunja gundi kidogo kidogo, siku baada ya siku. Adui wa pili ni oksijeni iliyomo hewani. Oksijeni ndiyo hula chuma kikawa kutu. Hiyo hiyo huungana na gundi ya rangi iliyokwisha kudhoofishwa na jua. Gundi hugeuka na kupoteza nguvu. Unga wa rangi huachwa huru juu ya bati. Huo ndio unga unaobaki kwenye shati lako.

Sasa kwa nini gari huacha kung'aa? Fikiri juu ya maji ya bwawa. Bwawa likitulia, unaona ndani yake mawingu na miti. Upepo ukivuma, maji yanavurugika na picha inapotea. Maji ni yale yale, lakini uso wake si laini tena. Rangi ya gari ni hivyo hivyo. Ikiwa laini, mwanga huruka kwa pamoja na gari hung'aa. Ikiwa na mashimo na mikwaruzo midogo, mwanga hutawanyika na gari huonekana limefifia.

Sehemu zinazoumia kwanza ni paa na boneti, kwa sababu zinatazama jua. Milango huumia baadaye. Rangi nyekundu mara nyingi hupauka upesi kuliko nyingine.

Jua lina wasaidizi wake. Mavi ya ndege yana ukali unaokula rangi. Utomvu wa miti hugandamana juu ya rangi. Chumvi ya bahari huwasumbua wenye magari wa pwani. Na vumbi, likifutwa kwa kitambaa kikavu, hukwaruza kama msasa.

RANGI YA ZAMANI NA RANGI YA SIKU HIZI

Zamani magari yalipakwa rangi iliyochukua siku nyingi kukauka. Kampuni ya Ford iliuza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tu tangu mwaka 1914 hadi mwaka 1925. Mwaka 1923 kampuni za DuPont na General Motors za Marekani zilileta rangi iliyoitwa Duco. Hiyo ilikauka upesi sana, na ilipatikana kwa rangi mbalimbali. Lakini ili ing'ae ilibidi isuguliwe na kung'arishwa. Kwa hiyo kazi ya kung'arisha si ngeni. Ni ya tangu zamani.

Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vilianza kupaka magari kwa njia nyingine. Juu ya rangi yenyewe huwekwa tabaka lisilo na rangi, linaloonekana kama kioo. Mafundi huliita klia. Kazi yake ni kuikinga rangi iliyo chini.

Basi kuna magari ya aina mbili. Yako yenye rangi bila klia, na yako yenye klia juu. Ni lazima ujue gari lako ni la aina gani kabla ya kuligusa.

Hivi ndivyo alivyofanya fundi wetu. Aliosha sehemu ndogo ya ubavu wa pikapu. Akatia dawa kidogo kwenye kitambaa cheupe, akasugua pole pole. Kitambaa kikawa chekundu.

"Mnaona?" akauliza. "Rangi imetoka kwenye kitambaa. Maana yake hapa hakuna klia. Mimi nasugua rangi yenyewe."

Kisha akaenda kwenye mlango wa kushoto. Mlango huo uliwahi kugongwa na kupakwa upya. Akasugua. Kitambaa hakikushika wekundu wowote. "Huu mlango una klia," akasema. Akaonyesha sehemu ya juu ya mlango. Hapo palikuwa na mabaka meupe, na ngozi nyembamba ilikuwa ikibanduka kama gamba la nyoka. "Hapa klia imekwisha kufa. Klia iliyobanduka hairudi kwa kung'arishwa. Hapa dawa yake ni kukwangua na kupaka upya. Hata nisugue mpaka kesho, sitawadanganya."

Halafu akapanda, akatazama paa. Katikati ya paa rangi nyekundu ilikuwa imekwisha. Rangi ya chini, ya kijivu, ilikuwa imetokeza, na palikuwa na madoa ya kutu. "Na hapa pia sina la kung'arisha. Huwezi kung'arisha kitu ambacho hakipo."

Mwenyekiti akauliza, "Sasa fundi, kilichobaki ni nini?"

"Kilichobaki ni kingi, mzee. Boneti, ubavu wote, mlango wa kulia na nyuma. Hizo zote ni nzima, zimevaa unga tu."

UNENE WA KARATASI

Ndugu msomaji, chukua karatasi moja ya daftari. Ishike kwa vidole viwili, uone wembamba wake. Rangi zote zilizopakwa kiwandani juu ya bati la gari, tangu ya chini hadi ya juu kabisa, kwa kawaida zina unene wa kama karatasi moja au mbili za namna hiyo. Klia peke yake ni nyembamba kuliko karatasi moja.

Hili ni jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Kung'arisha si kuongeza rangi. Kung'arisha ni kupunguza. Unaondoa ngozi iliyochakaa ili iliyo nzima ionekane. Kila unaposugua, karatasi yako inazidi kuwa nyembamba. Mtu anayesugua gari lake kwa dawa kali kila mwezi anadhani analitunza, kumbe analimaliza.

KAZI INAVYOFANYWA

Kikundi kilikubaliana na fundi afanye boneti kwanza, nao wamsaidie. Wakikubali matokeo, aendelee. Huo ni utaratibu mzuri. Jaribu mahali padogo kwanza, ndipo uamue.

Kazi ilianza saa 1 asubuhi, kabla ya jua kali. Gari liliwekwa kivulini. Bati lenye moto hukausha dawa upesi, na dawa iliyokauka hukwaruza.

1. Kuosha. Gari lilimwagiwa maji mengi ili vumbi lianguke lenyewe. Kisha likaoshwa kwa sabuni kutoka juu kwenda chini. Walitumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kilichoanguka chini hakikurudishwa kwenye gari mpaka kifuliwe. Punje moja tu ya mchanga inaweza kuchora boneti nzima.

2. Kuondoa lami na utomvu. Madoa ya lami yalifutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha pakaoshwa tena kwa sabuni. Hapa tahadhari. Mafuta ya taa yanawaka. Fanya kazi hiyo mahali pa wazi, mbali na moto na sigara. Usitumie petroli kabisa.

3. Kufunika. Fundi alibandika gundi ya karatasi kwenye mipira ya madirisha, kwenye plastiki nyeusi, na kwenye kingo za boneti. Dawa ikikauka juu ya plastiki nyeusi huacha weupe usiotoka kwa urahisi. Na kwenye kingo, rangi huwa nyembamba kuliko mahali pengine.

4. Kompaundi. Hii ni dawa nzito yenye punje ndogo sana zinazokwangua. Fundi alitia kiasi kidogo kwenye kitambaa laini chenye unyevu. Akasugua eneo la futi 2 kwa futi 2, si zaidi. Alikwenda mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, kwa nguvu ya wastani. Kitambaa kilipojaa wekundu, alikigeuza upande mwingine. Alipomaliza eneo moja alilifuta, akatazama, ndipo akaenda jingine.

5. Polishi. Baada ya kompaundi rangi ilirudi, lakini ilikuwa na ukungu kidogo. Ukungu huo ni mikwaruzo midogo ya kompaundi yenyewe. Polishi ina punje laini zaidi, nayo ndiyo huufuta ukungu. Ni kama seremala. Huanza na msasa mkali, humaliza na msasa laini.

6. Nta. Hii ni ya mwisho, na tutaieleza mbele.

Ilipofika saa 3 asubuhi, nusu moja ya boneti ilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nusu nyingine bado ilikuwa ya waridi. Fundi aliacha hivyo kwa makusudi. "Tazameni wenyewe," akasema.

Mzee mmoja aliyetaka gari liuzwe alisogea karibu. Akainama. Akaona uso wake ndani ya boneti. Hakusema neno. Alirudi akaketi, akacheka peke yake.

KOSA LA DEREVA

Dereva alifurahi kupita kiasi. Fundi alipokwenda kunywa chai, kijana alishika kitambaa akaendelea. Alisugua kwa nguvu zake zote. Tena alisugua juu ya ule mkunjo unaopita katikati ya boneti, kwa sababu pale palikuwa na doa. Baada ya dakika chache doa likatoka. Lakini chini yake pakatokea mstari wa kijivu, mrefu kama kidole. Rangi ilikuwa imekwisha.

Kijana aliduwaa. Alijaribu kufuta, lakini ule mstari ulikuwa pale pale. Fundi aliporudi, alimkuta amekaa chini ameshika kichwa.

Fundi hakumtukana. Alisema, "Mdogo wangu, kaa hapa nikuonyeshe. Bati likikunjwa, pale kwenye mkunjo rangi hutiririka na kubaki nyembamba. Na mkono wako ukipita pale, nguvu zote zinaangukia mahali pamoja. Ndiyo maana mimi nilipafunika na gundi. Wewe umeibandua."

"Sasa tutafanyaje?" kijana akauliza.

"Patapakwa rangi kwa brashi ndogo, ili kutu isiingie. Mstari utaonekana kidogo. Na ukiuona kila siku, utakumbuka."

Ndugu msomaji, kosa hilo si la dereva huyu tu. Mara nyingi gari linapoharibiwa na kung'arishwa, huharibika kwenye mikunjo na kwenye kingo.

TAHADHARI JUU YA MASHINE

Mafundi wengi hutumia mashine ya umeme. Mashine hurahisisha kazi, na gari zima linaweza kumalizika kwa siku moja. Lakini mashine haisikii uchungu kama mkono wako. Ikizungushwa mahali pamoja, huleta joto. Joto hulainisha rangi, kisha huiunguza.

Kwa hiyo mwenye mashine afuate mambo haya. Aanze kwa mwendo wa chini. Asisimame mahali pamoja. Aguse bati kwa mkono mara kwa mara, na likiwa la moto apumzike. Kwenye mikunjo na kingo afanye kwa mkono. Aangalie pia waya wa umeme usilale ndani ya maji ya kuoshea.

Jambo jingine. Wako watu wanaofunga sponji kwenye grenda ya kukatia chuma. Hilo ni kosa kubwa. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya kung'arishia hutumiwa kwa mizunguko kati ya 1,000 na 2,000 hivi. Ukiona fundi anakuja na grenda kung'arisha gari lako, mwambie asante, lakini usimpe gari.

Na afya je? Baadhi ya rangi za zamani, hasa za njano, za machungwa na nyekundu, zilichanganywa na madini ya risasi. Vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo usisugue rangi ya gari ikiwa kavu ukatimua vumbi. Tumia maji. Funika pua na mdomo. Waondoe watoto karibu. Osha mikono kabla ya kula, na vitambaa vya kazi visifuliwe pamoja na nguo za nyumbani.

NTA NI KAMA KOTI LA MVUA

Rangi iliyong'arishwa ni kama ngozi iliyosuguliwa. Imekuwa safi, lakini iko wazi. Ukiiacha hivyo, jua litairudia upesi. Ndiyo sababu hupakwa nta.

Nta moja inayojulikana sana inatoka kwenye majani ya mkarnauba, mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki ya Brazili. Mti huo hujifunika nta ili usikaushwe na jua. Binadamu ameichukua, naye amelifunika gari lake. Siku hizi zipo pia nta zinazotengenezwa viwandani.

Paka nta nyembamba. Subiri mpaka iwe na ukungu, kisha ifute kwa kitambaa safi kikavu. Kupaka nyingi ni kuharibu fedha, maana ile ya ziada yote utaifuta. Rudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Njia ya kupima ni rahisi. Mwaga maji kwenye boneti. Yakijikusanya kama shanga, nta bado ipo. Yakitandaa kama kwenye kitambaa, nta imekwisha.

Wengine hupaka mafuta ya taa, dizeli au mafuta ya kupikia ili gari ling'ae. Gari litang'aa siku hiyo, kama mtu aliyejipaka mafuta usoni. Kesho yake vumbi lote la barabara litanata juu yake. Ukilifuta, vumbi hilo litakwaruza. Mafuta hayo si tiba.

TAA NAZO

Magari mengi ya siku hizi yana taa za mbele zenye vioo vya plastiki. Plastiki hiyo nayo hushambuliwa na jua. Huwa ya njano na yenye ukungu. Hili si jambo la urembo tu. Taa yenye ukungu haimuliki mbali. Dereva anayesafiri usiku anaweza asimwone mtu, baiskeli au ng'ombe mpaka amekaribia mno.

Taa hizo husafishwa kwa njia ile ile. Kwanza funika rangi iliyo pembeni. Sugua taa kwa msasa laini wa maji, ukiulowesha kila mara. Anza na namba 1000, kisha 2000. Malizia na polishi. Watu wengine hutumia dawa ya meno, nayo husaidia kidogo kwa muda mfupi. Lakini kumbuka kwamba ukisugua unaondoa pia kinga iliyowekwa na kiwanda. Kwa hiyo taa itarudi kuwa ya njano isipowekewa kinga nyingine. Kama ukungu uko ndani ya taa, kusugua nje hakutasaidia.

KUNG'ARISHA SI KUFICHA

Siku ya pili jioni kazi ilikwisha. Pikapu ilikuwa nyekundu tena, isipokuwa paa na ule mlango wa kushoto. Watu walikuja kuitazama. Yule mnunuzi naye akapata habari. Akapiga simu. Safari hii bei yake ilikuwa imepanda.

Mkutano ukaitishwa tena chini ya mwembe. Mjumbe mmoja akasema, "Tuuze sasa hivi. Kutu ya chini ya milango tuizibe kwa udongo wa mafundi, tupake rangi juu. Hataiona."

Mweka hazina akamtazama. "Ndugu yangu, sisi tulipoinunua pikapu hii, kama mtu angetufanyia hivyo tungesema nini?"

Yule mjumbe akainamisha kichwa.

Fundi aliombwa atoe maoni. Alisema, "Wazee wangu, kung'arisha kunaonyesha uzuri uliopo. Hakuondoi kutu. Kutu iliyofunikwa inaendelea kula bati gizani, na siku ikitokeza, inatokeza na tundu. Kama mnauza, mwonyesheni. Kama mnabaki nayo, itibuni mapema. Kwangueni mpaka bati safi lionekane, pakeni rangi ya chini ya kuzuia kutu, ndipo mpake nyekundu."

Wakapiga kura. Watu 11 kati ya 14 walitaka gari libaki. Sababu yao ilikuwa wazi. Injini ni nzima, bati sasa wanalijua lilivyo, na fedha za mbegu bado zipo. Paa na mlango vitapakwa rangi baada ya mavuno. Dereva alipewa kazi mpya, ya kupaka nta kila baada ya miezi mitatu na kuandika tarehe kwenye daftari la gari. Aliikubali. Kila asubuhi anapofungua boneti kutazama maji na oili, anauona ule mstari wake.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Ndugu msomaji, ni rahisi kutunza kuliko kutibu. Shika mambo haya:

– Weka gari kivulini. Banda la nyasi au makuti linatosha. Kivuli cha mti ni kizuri, lakini angalia ndege na utomvu.

– Mavi ya ndege yaoshe mapema kwa maji mengi. Usiyakwangue yakiwa makavu.

– Usifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Mwaga maji kwanza.

– Usioshe gari kila siku kwa sabuni kali ya unga. Sabuni hiyo huondoa nta.

– Ukilifunika gari kwa turubai, lioshe kwanza, na ulifunge turubai vizuri. Turubai linalopigwa na upepo juu ya vumbi husugua rangi usiku kucha.

– Palipochubuka hadi bati, paka rangi mara moja, hata kwa brashi. Usingoje kutu.

– Kompaundi ni dawa ya ugonjwa, si chakula. Ukishaitumia mara moja vizuri, endelea na nta tu.

Haya yote yanafaa pia kwa tangi la pikipiki na boneti ya trekta. Mwenye pikipiki anaweza kuanzia hapo kujifunza, kwa sababu eneo ni dogo. Lakini akumbuke kwamba tangi lina petroli. Injini iwe imepoa, mfuniko uwe umefungwa, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Kabla hujasema rangi ya gari lako imekufa, chukua kitambaa cheupe, maji, na dawa kidogo. Sugua mahali pasipoonekana, mahali padogo kama kiganja chako. Kisha tazama. Huenda gari ulilotaka kulitupa bado lipo, limefunikwa na unga tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini paa na boneti hupauka kabla ya milango?

2. Utajuaje kama gari lina klia au halina?

3. Dereva alikosea wapi? Wewe ungefanya nini?

4. Je, mweka hazina alikuwa na haki kukataa kutu isifichwe? Toa sababu zako.

5. Katika kijiji chenu kuna gari, trekta au pikipiki gani iliyopauka? Jadilianeni nini kinaweza kung'arishwa na nini lazima kipakwe upya.